Walisema Nimezika Mgomba

Kaseti ilikuja imetiwa ndani ya soksi ya mtoto ili isivunjike njiani. Mtu aliyetoka Maskati aliifikisha Bujumbura, mwengine akaivusha mpaka kwetu Uvira, na mume wangu Nassor akaitia kwenye redio ya dukani kabla hata ya kula chakula cha mchana. Ilikuwa sauti ya mamake, Bi Zuwena, aliyehamia Maskati kwa ndugu zake miaka michache nyuma. Kuandika hakujua, basi alikuwa akijirikodi.

Alisalimu mtaa mzima, mtu mmoja mmoja kwa jina. Akamuuliza mwanetu Rahma kama meno ya mbele yameshaota, halafu akanyamaza kidogo, kama kwamba anangojea mtoto amjibu. Kisha akaingia kwenye khabari za jabali.

Nyuma ya Bustan, alisema, ukishapita ile hoteli kubwa, lipo jabali ambalo ndani yake mna mji. Mji kamili, una soko lake, una mifereji ya maji, una sultani wake. Watu wake ni warefu, wazuri wa sura, hawazeeki na hawapendi wageni. Sultani wao hakuna aliyewahi kumuona. Mawaziri wanasema naye kwa nyuma ya pazia, na mtu akithubutu kuuliza jina lake anafungwa ulimi. Kazi za mikono hawazifanyi wenyewe. Wanachukua watu wa nje. Wakimtaka mtu wanamchukua yeye mwenyewe na wanaacha mfano wake wa mgomba, nyinyi mnauona maiti, mnauosha, mnauzika, na mwenyewe yuko jabalini anachunga mbuzi wa watu na kula chakula kisicho chumvi.

Nassor alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Alikuwa anakata kitenge.

"Mama kapata sultani asiyeonekana," alisema. "Sisi huku wanaonekana wote, na kila mmoja anataka kodi."

"Baba, wanachukua watoto?" Rahma aliuliza.

"Wanaokataa mihogo."

Mteja aliyekuwa akingojea kitenge chake naye akacheka. Tukarudisha kaseti nyuma tukasikiliza tena pale pa meno. Hiyo ndiyo siku ya mwisho nnayoikumbuka kuwa siku tu.

Mapigano yalikuwa juu milimani. Tuliyasikia kama mtu anayebwaga magunia mbali, na tukazoea. Halafu askari wa serikali wakaanza kuteremka mjini, wao ndio wanaokimbia, na kila mlango waliopita waliuvunja. Kwetu walichukua baiskeli, viatu vya Nassor vya sikukuu, na redio, na kaseti imo ndani. Baada ya wao kuondoka mji ulikaa kimya, na kimya kile ndicho kilichotutoa nyumbani. Nassor alitia kufuli kwenye mlango ambao ubao wake wa chini haupo.

Tulikwenda kusini, njia ya Fizi, pamoja na mji mzima. Watu walibeba magodoro. Walibeba mgonjwa juu ya baiskeli, chupa ya maji ya dawa imefungwa kwenye usukani. Rahma alikaa mabegani kwa babake na alikuwa akituambia anayoyaona mbele: ng'ombe, mama amekaa chini, lori limelala.

Kwenye kijito, penye michikichi mingi, walitoka watu. Walikuwa wamevaa nusu sare na nusu nguo za kawaida.

Mmoja akamuashiria Nassor amshushe mtoto.

Akamshusha.

Akamuuliza kitu kwa lugha tusiyoijua. Nassor akamjibu kwa Kiswahili, kwa upole, kama anavyosema na mteja.

"Mimi mfanyabiashara, ndugu yangu. Nauza nguo."

Nlimvuta Rahma, nikamkandamiza uso tumboni kwangu.

Risasi moja.

Hawakuchukua kitu. Walirudi kijitoni kama watu waliosimama kuuliza njia.

Waliokuwa nyuma yetu walipita pembeni, na siwalaumu. Mtu mmoja tu alisimama, alikuwa na jembe begani na msalaba shingoni, na bila ya kuniuliza akaanza kuchimba chini ya michikichi. Maji yalikuwepo kijitoni, lakini wale watu walikuwa wamekaa hapohapo kijitoni. Basi nlimtayamamisha mume wangu kwa udongo, uso na mikono. Nlimfumba macho kwa vidole vyangu. Nlikuwa na shela yangu nyeupe ya kusalia, ndiyo iliyokuwa sanda, na haikufika miguuni. Tukamlaza upande wake wa kulia, nikakisia kibla kwa jua. Nikamsalia mimi, na Rahma alisimama nyuma yangu akifuatisha mikono.

Nnayaeleza haya moja moja kwa sababu baadaye watu walikaa kwenye viti wakanambia kuwa sikuyaona.

Kutoka Baraka tulipata mtumbwi wa mashine mpaka Kigoma, tukatiwa kambini. Eda yangu nlikaa kwenye hema la turubai. Wanawake wa kambini, wengine si Waislamu, walinichotea maji na kunikatia kuni ili nisitoke. Hawakunijua. Niliwaambia tu kuwa mume wangu amekufa, wakasema pole, na neno hilo likatosha. Nlidhani kila mahali litatosha.

Shemeji yangu Suleiman, mdogo wake Nassor, ndiye aliyetutafuta na kutuleta Maskati. Alikuwa akifanya kazi wizarani, mtu mpole, na alikaa Ruwi kwenye fleti ya vyumba vitatu pamoja na mamake. Nilipanda ngazi zile nimemshika Rahma mkono na nimejitayarisha kulia na mama mkwe wangu. Nlikuwa nimeyaweka machozi kwa ajili yake.

Bi Zuwena alinipa mkono, hakunikumbatia.

"Nassor umemuacha wapi?"

"Amefariki, mama. Tulileta khabari kutoka Kigoma."

"Khabari nlizipata. Nnakuuliza umemuacha wapi."

"Nlimzika kwa mikono yangu."

Akaitazama mikono yangu, huku na huku, kama anakagua samaki.

"Umezika mgomba," akasema. "Nyinyi watu wa bara mnachezewa kirahisi."

Alikuwa amekwenda kwa mganga mmoja wa Sib. Huyo mganga alimuomba nguo yoyote ya Nassor, akafunga macho, akafukiza, akamwambia kuwa sultani wa jabali alikuwa na haja ya mtu anayejua nguo, na akampata njiani siku ile ile. Ile risasi ilikuwa pazia. Nassor yuko nyuma ya Bustan, yu hai, na atarudi siku watakapomchoka. Ila kwa sharti: asisaliwe. Mtu akishasaliwa sala ya maiti, jamaa zake wamemtoa wenyewe kwa ulimi wao, na sultani hana tena sababu ya kumrudisha. Kwa hiyo katika nyumba ile haikusomwa khitma. Jirani waliokuja kunipa pole walirudishwa mlangoni. Neno marehemu lilikatazwa. Siku moja lilinitoka kwenye chai, na Bi Zuwena akanimwagia kikombe chake kifuani.

"Mchawi ni wewe," alinambia. "Unataka afe upate kuolewa."

"Suleiman," nikasema, "wewe umesoma. Mwambie mamako."

Suleiman alikuwa akipangusa meza. "Shemeji, tusubiri kidogo. Mama ana presha."

Nlitaka jambo moja tu. Nlitaka Nassor asaliwe na watu, na mwanangu ajue kuwa babake amekufa. Si kwa ajili yangu, mimi nlikwishamsalia. Kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mtoto asiyejua babake amekufa hawezi hata kumuombea. Nlimwambia Bi Zuwena hivyo, kwa adabu, zaidi ya mara moja. Nlimwambia kuwa ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, si mzee wa Sib. Alikuwa akigeuza uso dirishani na kuanza tasbihi, kwa sauti, ili isisikike yangu.

Tuliishi hivyo. Chakula cha jioni alikipika yeye na kila siku alitenga sahani isiyo chumvi, akaiweka kwenye dirisha la jikoni linaloelekea milima. Asubuhi alikuwa akiwapa paka. Mimi nilikuwa nikiosha sahani ile pamoja na nyingine. Nlijiambia kuwa ni mama, amefiwa, kila mtu na namna yake. Mpaka siku moja nikamuona Rahma anakisukuma kidau cha chumvi kando.

"Huli chumvi?"

"Nakula kama baba."

Wakati huo nlikuwa nimejiandikisha darasa la jioni, kusoma na kuandika Kiarabu, kwa sababu nlichoka kutiliwa saini na watu. Darasa lilianza baada ya alasiri. Rahma nilimuacha na bibi yake, wapi pengine ningemuacha. Siku moja nikiwa namsuka nlikuta miiba midogo kwenye nywele zake, ile ya vichaka vya wadi, mito mikavu ya milimani.

"Mmekwenda wapi?"

Akauokota mwiba mmoja. Kisha akasema, kwa furaha, kama mtoto aliyechoka kuficha zawadi: "Nimemuona baba."

Chanuo nikakiweka chini.

"Wapi?"

"Juu ya jabali. Anachunga mbuzi. Kavaa kofia yake, ile ya maua ya buluu."

"Umemuona uso?"

"Bibi kasema tusiuangalie uso. Ukiuangalia uso wanamzidishia kazi."

"Rahma. Na yule tuliyemzika mimi na wewe?"

"Ule mgomba," akasema. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mtaa.

Siku ile kwenye kijito nilikuwa na khofu, lakini mikono yangu ilijua la kufanya. Hapa haikujua.

Nlimwendea Bi Zuwena jikoni. Nlitegemea akane. Hakukana.

"Naam, nimempeleka. Ni babake. Wewe umemkatia tamaa, mtoto hajamkatia."

"Nipeleke na mimi."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alifurahi. Nadhani alikuwa akiingojea siku hiyo, mimi nimuone mwanawe juu pale na nipige magoti.

Tukaenda Ijumaa baada ya sala, kwa gari la Suleiman. Tuliipita hoteli na mitende yake iliyopangwa, tukaingia njia ya changarawe, mpaka gari likakataa. Mganga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kivuli cha mwamba na chetezo chake. Mzee safi, ndevu nyeupe, anasema taratibu. Alichora mstari kwenye mchanga kwa bakora.

"Hapa ndipo mwisho," alisema. "Hakuna kuita. Hakuna kuashiria. Anayevuka mstari huu amemuuza."

"Umesikia?" Bi Zuwena akanambia.

"Nimesikia, mama."

Tukangoja. Jua lilikuwa linapiga mawe yale meusi na kila kitu kinatetemeka. Halafu mbuzi wakatokea kwenye mgongo wa jabali, na nyuma yao mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kofia.

Sitasema uongo. Nlikaribia kumwita jina. Alikuwa na mabega ya Nassor, na alikuwa akitembea kama Nassor, mkono mmoja nyuma. Na kofia nliijua. Nliitoboa mimi mwenyewe matobo yake, tundu kwa tundu, nikamtilia maua ya buluu, na aliisahau kwa mamake siku alipomsindikiza kuhamia Maskati. Pembeni yangu Bi Zuwena alikuwa analia bila sauti. Rahma aliangalia miguu yake, kama alivyofundishwa.

Nikasema bismillahi nikavuka mstari.

Mganga akapiga kelele. Bi Zuwena akaniita kwa jina, kisha kwa matusi.

Nikapanda.

Mawe yalikuwa yanateleza. Viatu vilikuwa vya nyumbani. Nlishikilia buibui kwa mkono mmoja na mwamba kwa mkono mwengine.

Yule mtu aliniona, akageuka kama anataka kuondoka. Mbuzi wawili wakakimbilia upande wangu na ikabidi awarudishe.

Nikafika mbele yake. Nikamtazama usoni.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu bado hazijashikana.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Naitwa Hamisi, mama. Mtu wa Muheza." Akatazama chini bondeni. "Nimekatazwa kusemeshwa. Mimi nachunga tu. Yule mzee huwa ananipa hii kanzu na kofia, anasema nipite hapa juu wageni wakija. Nikajua labda ni mambo ya picha."

"Picha?"

"Si watalii wanapenda, mama?"

Nlikaa juu ya jiwe. Halafu nikasimama nikaita kwa sauti yangu yote.

"Rahma, njoo."

Bi Zuwena alimshika mkono. Niliwaona kutoka juu, wadogo, mmoja anavuta huku na mmoja anavuta kule. Sikuita tena. Kama nilimtaka ajue basi ilikuwa lazima avuke mwenyewe. Suleiman alikuwa amesimama kando ya gari na nilimuona akisogea, akimuinamia mamake, akiufungua ule mkono, kidole kwa kidole.

Rahma akapanda. Alipofika alikuwa anahema na bado anaangalia chini.

"Mtazame," nikamwambia.

"Bibi kasema—"

"Mimi ni mamako. Mtazame."

Hamisi akachuchumaa ili wawe sawa. "Hujambo, mwanangu?"

Rahma akainua macho. Alimtazama kipande kwa kipande, paji la uso, pua, mdomo. Mbuzi walikuwa wanalia.

"Sijambo," akasema. Halafu akanigeukia. "Shela yako haikufika miguuni. Baba miguu yake ilikuwa nje."

"Ndiyo."

"Ulitia udongo kwanza pale miguuni."

"Ndiyo, mwanangu. Nilianzia pale."

Akakaa chini palepale kwenye mawe na akalia. Alimlilia babake mchana kweupe, miaka baada ya kumzika, na sikumnyamazisha. Hamisi alivua kofia, akanipa bila ya kuulizwa, akawaondoa mbuzi wake taratibu.

Tulipoteremka mganga alikuwa anakusanya vitu vyake na kusema kuwa sultani kambadilishia sura, ndiyo kawaida yake. Suleiman, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimwambia gari halina nafasi na Sib si mbali kwa mwenye kujuana na majini. Bi Zuwena hakumtazama mganga wala mwanawe. Alinitazama mimi.

"Alikuwepo," akasema. "Mpaka ulipovuka alikuwepo. Sasa wamemficha."

"Mama, alikufa njia ya Fizi."

"Kwako."

Ijumaa iliyofuata Nassor akasaliwa katika msikiti mmoja wa Ruwi. Suleiman ndiye aliyekwenda kwa imamu. Imamu akamuuliza kama marehemu hakusaliwa kabisa, na Suleiman akamwambia alisaliwa na mkewe njiani. Imamu akasema sala ile imetosha, lakini na sisi tutamsalia. Wanawake walikuja kunipa mkono nyumbani kwa jirani, mlango wa pili, kwa sababu kwetu Bi Zuwena alikuwa amefunga kwa ndani. Nlisikia tasbihi yake ukutani siku tatu zote za matanga.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mimi ndiye nliyemkanda miguu, nliyempeleka hospitali na nliyemtia maji mdomoni, na hakunisamehe, wala hakuficha kuwa hakunisamehe. Alinitaja mbele za wageni kama mwanamke aliyevuka mstari. Alipofariki nlimuosha mimi na mwanamke mmoja wa mtaani. Alikuwa mwepesi sana. Nlimuombea kwa moyo mkunjufu, na nilipomaliza bado nilikuwa na hasira naye, na zote mbili nnazo mpaka leo.

Watu wa darasani kwetu wanapenda kusimulia miji iliyofichika, wanasema ni nzuri, ina mabustani. Mimi siipendi. Nimewaona watawala wa vita kwa macho yangu, na ubaya wao nnaujua: wanaua. Yule wa jabalini alikuwa akiwafanya walio hai wasiweze kuzika. Mimi sijui yupi nimchukie zaidi.

Rahma sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi, anasali, ana heshima. Hatugombani. Mwaka jana tulikuwa tunakunja nguo, akanambia bila ya kuinua kichwa: "Mama, ile miezi ya jabali, mimi nilikuwa na baba."

Nikamwambia nnajua.

"Nilikuwa nikilala vizuri," akasema.

Ni kweli, alikuwa naye, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Ningemnyang'anya tena kesho.